Sura ya Tisa: Muunganisho Namba Hamsini na Nane

Kufikia saa sita mchana wa Jumatano, Inspekta Proscovia Aboth alikuwa na mtuhumiwa mmoja, mashahidi kumi na mmoja, na trela moja ambalo hakuna aliyejua lilipo. Trela lilibeba sukari iliyozuiliwa kwa ukaguzi katika yadi ya malori ya Busia, upande wa Uganda. Jumatatu asubuhi lilitoka getini bila kupimwa, bila karatasi na bila haraka. Mashahidi wote walikuwa wamesimama hatua ishirini kutoka hapo, na hakuna aliyeona kitu. Walikuwa wanasali. Kila mmoja alisisitiza, kwa fahari kidogo, kwamba alikuwa amefumba macho.

"Hata wewe mlinzi?" Aboth alimwuliza Okia.

"Mimi zaidi, afande. Mimi ndio nilikuwa naongoza."

"Na geti?"

"Geti ilifunguka yenyewe. Nasikia injini, nasikia boriti inapanda, nasema moyoni, huyo Kevina amempima. Geti yetu haifunguki kama mizani haijakubali. Nikaendelea na wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

"Wa kuombea, afande."

Sala ya Jumatatu katika yadi ile ilichukua dakika arobaini na tano, kwa sababu ilikuwa na wiki nzima ya kuombea. Aboth aliandika hilo kwa penseli, akalipigia mstari, akaingia chumba cha mizani.

Nje, kwenye benchi, alikaa Kevina, karani wa mizani, mikono yake juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Saa kumi jioni angepelekwa Tororo kufunguliwa mashtaka. Uamuzi huo ulikuwa umekwisha kupita mezani kwa wakubwa, na ushahidi wake ulikuwa mfupi: mashine ilirekodi kwamba amri ya kuinua boriti ya geti ilitoka kwenye akaunti yake. Yeye alisema alikuwa kwenye sala, chumba cha mizani kikiwa wazi, lakini hakuna aliyemwona.

Mtu aliyeweza kuisoma rekodi hiyo alifika kwa bodaboda kutoka Tororo, amekumbatia kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa Injinia Edwin Owor, ndiye aliyeandika programu zote za yadi. Kwa sababu hiyo, Aboth alimshuku kabla hajateremka.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako," alimwambia.

"Bibi yangu ni mwalimu wa hesabu, afande."

"Basi mweleze wangu."

Edwin alivuta kiti. "Ndani ya mashine hii kuna programu tatu. Moja inasoma mizani, moja inainua boriti, moja inachapa risiti. Hazijuani. Zikitaka kuambiana kitu, zinapitishia kwenye njia moja ya pamoja, tunaiita basi la ujumbe. Lakini huwezi kupaza sauti tu. Kwanza programu inafungua muunganisho na basi. Ikikubaliwa, inapewa namba."

"Kama metroni na daftari la bweni."

"Ndiyo, tuseme metroni. Ila huyu, ukishaondoka, namba yako hampi mwingine. Anaendelea mbele tu, mpaka mashine izimwe."

"Na mtu akimdanganya jina?"

"Haulizi jina. Anaiuliza mashine yenyewe: huyu anayebisha hodi ametoka akaunti gani? Hapo hakuna kubembeleza."

"Nimewahi kuishi chini ya metroni wa namna hiyo," Aboth alisema. Alikuwa kiranja wa bweni miaka miwili katika shule ya wasichana, na mambo mengi ya kipolisi alikuwa ameyajua kabla ya kuvaa sare. "Onyesha daftari."

Edwin alifungua rekodi ya Jumatatu. Saa moja asubuhi, Kevina alipowasha mashine, programu ya mizani ilifungua muunganisho ikapewa namba kumi na mbili. Kila lori lililopimwa siku hiyo, ujumbe wake ulitoka kwa namba kumi na mbili. Kasoro moja tu. Saa tatu na dakika arobaini na mbili, katikati ya sala, amri ya kuinua boriti ilitoka kwa namba hamsini na nane.

"Hamsini na nane ni nani?"

"Mgeni. Alifungua muunganisho, akasema inua, akaondoka. Hakumaliza hata sekunde moja."

"Kwa hiyo si programu ya mizani."

"Sivyo. Mtu aliandika kiprogramu chake kwa lugha ya C, mistari ishirini hivi. Lakini kilitokea akaunti ya Kevina, kwa sababu akaunti nyingine yoyote haina ruhusa ya kuzungumza na geti."

"Na akaunti hiyo ina neno la siri."

Edwin alitazama dari. "Inalo. Limebandikwa chini ya kibodi."

Aboth aliinua kibodi. Lilikuwepo, kwa herufi kubwa, na kando yake mtu alikuwa ameandika SIRI na kulipigia mstari mara mbili.

"Saa tatu na dakika arobaini na mbili ulikuwa wapi, injinia?"

"Tororo, nafundisha. Wanafunzi thelathini na wawili ni mashahidi wangu."

"Wamefumba macho?"

"Wengine."

Aboth alipiga simu chuoni. Mkuu wa chuo alithibitisha kwamba Edwin alikuwa ubaoni tangu saa mbili mpaka saa tano, tena aliongeza dakika kumi ambazo hakuna aliyemwomba. Aboth alilifuta jina la Edwin, kwa masikitiko, kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri.

"Sasa niambie, hapa yadini nani anajua hiyo C?"

"Waliokuja mafunzo kwangu mwezi wa pili. Watatu. Jonan, msimamizi wa yadi. Kevina. Na Dorah, karani mwenzake, lakini huyo yuko likizo ya uzazi kwao Malaba." Alitoa kwenye begi orodha ya mahudhurio na karatasi ya mafunzo iliyochapwa pande zote mbili. "Nilileta hizi. Polisi wanapenda karatasi."

Polisi walizichukua kwa upendo.

Jonan alimpokea inspekta ofisini kwake kwa chai na mandazi. Alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kufariji, na dirishani mwake lilionekana gari lake dogo jeupe, limeoshwa mpaka linaumiza macho, viti vyake bado vimefunikwa nailoni ya dukani.

"Nimeumia sana, afande. Huyo binti nilimwajiri mimi mwenyewe."

"Jumatatu ulikuwa kwenye sala?"

"Mstari wa nyuma. Mimi huacha watu wafupi wakae mbele."

"Macho?"

"Yamefumbwa," Jonan alisema kwa unyenyekevu.

"Na ulihudhuria mafunzo ya Tororo."

Jonan alicheka mpaka chai ikatikisika. "Nilihudhuria kiti, afande. Mwulize injinia, nililala siku zote tatu. Mtu wa yadi na C ni wapi na wapi? Mimi najua lori na najua dereva mwongo. Hayo mengine alikuwa anayaandika Kevina. Alikaa pembeni yangu, alijaza daftari zima. Mimi nikamwona nikasema, huyu atafika mbali."

"Daftari zima."

"La kurasa tisini na sita."

Aboth aliandika idadi ya kurasa. Alimshukuru kwa mandazi, akatoka, akakaa kwenye benchi kando ya Kevina. Cheti cha mafunzo cha Kevina kilining'inia ukutani juu ya vichwa vyao, ndani ya fremu, jina lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

"Hicho ni chako?"

"Ni changu, afande."

"Ulijifunza nini?"

"Mambo ya kompyuta."

"Mambo yapi?"

"Ya ndani."

"Niandikie mstari mmoja. Wowote. Namna ya kufungua muunganisho na basi."

Kevina alipokea penseli, akaitazama, akairudisha. "Nimesahau."

"Umesahau tangu mwezi wa pili, na una daftari la kurasa tisini na sita?"

"Daftari gani?"

Aboth alikunjua orodha ya mahudhurio juu ya goti. Sahihi ya Dorah, siku tatu, ilimalizikia kwa mkia mrefu uliojikunja kama wa paka anayepita jikoni. Sahihi ya Kevina, siku tatu, ilikuwa na mkia huo huo.

"Sasa andika jina lako tu."

Kevina aliandika. Herufi zilikuwa nyembamba, zimesimama wima, hazina mkia wowote. Aliona inspekta alichokuwa anakitazama, akaweka penseli chini.

"Siku za mafunzo ulikuwa wapi, binti?"

"Nikisema, mtu mwingine atafukuzwa kazi."

"Usiposema, saa kumi unaingia kwenye gari."

Lori moja liliingia kwenye mizani, likapimwa na karani wa kuazimwa, boriti ikapanda, ikashuka. Kevina alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea upande wa Sikuda.

"Kisoko," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunazika shangazi. Niliomba ruhusa, Bwana Jonan akasema mafunzo ni lazima. Dorah akaniambia nenda, mimi nitakusainia. Akanisainia siku tatu. Akanibebea na soda zangu za mafunzo."

"Msimamizi hakugundua?"

"Dorah anasema siku ya kwanza alikaa mbele na wakubwa. Siku nyingine sijui. Afande, hapa kila mtu anamsainia mwenzake. Lakini barua ya ofisi inasema ukikamatwa ni kufukuzwa, wewe na aliyekusainia. Na Dorah ana mtoto wa wiki tatu."

Aboth alimpigia Dorah simu. Dorah alikana kwa dakika mbili, mtoto akilia nyuma yake, kisha akakubali kwa dakika tano. Hakuwa ametoka Malaba tangu ajifungue. Nesi wa kliniki, ambaye Jumatatu saa tatu alikuwa anampima mtoto uzito, alichukua simu na kusema hivyo hivyo, akataja na uzito.

Kwa hiyo Jonan alikuwa amemwona Kevina akijaza daftari zima mahali ambapo Kevina hakuwepo. Mtu aliyelala anaweza kuona mengi. Aboth aliuacha uwezekano huo wazi na kurudi kwa Edwin.

"Kuna kingine kwenye rekodi?" aliuliza. "Kabla ya hamsini na nane."

"Kwenye basi hili hakuna."

"Kwa nini umesema hili?"

Edwin alikuna shingo. "Kwa sababu yako mawili, afande. Kuna basi la mfumo, moja kwa mashine nzima. Geti liko huko. Halafu kila mtumiaji akiingia kwenye akaunti, anapewa basi lake dogo, la mambo yake mwenyewe. Hilo sijaliangalia. Halina geti, niliangalie ya nini?"

"Liangalie."

Ilimchukua dakika moja. Kisha alisoma mstari mmoja mara mbili, kidole kwenye kioo.

"Saa tatu na dakika thelathini na nne. Mtu alifungua muunganisho kwenye basi la mtumiaji, akaita geti. Akajibiwa: hakuna mwenye jina hilo hapa."

"Kufungua kulikataliwa?"

"Kulikubaliwa. Hilo ndilo linalowachanganya watu. Unabisha hodi, unafunguliwa, unapewa namba yako vizuri kabisa, ila umeingia nyumba nyingine. Unaita geti, na geti haliishi humo."

"Halafu baada ya dakika nane akaingia nyumba sahihi." Aboth alihesabu kwa vidole, kwa kuwa ilikuwa desturi yake. "Nani hukosea namna hiyo?"

"Wanafunzi wangu," Edwin alisema kwa aibu. "Kwenye mashine ya mazoezi Tororo, kila kitu nilikiweka kwenye basi la mtumiaji, ili wasiniharibie mashine. Hata geti la mfano liko huko. Tazama karatasi."

Upande wa mbele wa karatasi ya mafunzo, mstari wa nne, wa kufungua basi la mtumiaji, uliandikwa hivi:

sd_bus_open_user(&basi);

Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo mtu huzisoma akishakwama, ilielezwa kwamba kwenye mashine ya yadi mstari huo ubadilishwe uwe wa basi la mfumo:

sd_bus_open_system(&basi);

"Aliyejifunza kwingine hawezi kukosea hivi?"

"Angekosea vyake. Huu ni ugonjwa wa darasa langu. Ananakili mbele, anakwama, anageuza karatasi, anapona. Dakika nane ni za mwanafunzi mzuri."

Waliopitia darasa hilo kwa kweli walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Malaba na mtoto kwenye mzani wa kliniki. Mwingine alilala siku zote tatu.

"Jonan alilala kweli?"

"Alivaa miwani ya jua, afande. Siwezi kuapa."

Aboth alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Alichokuwa nacho ni hesabu nzuri, na hesabu nzuri mbele ya hakimu hujibiwa na wakili mzuri. Mtu ambaye hajui kusoma mstari wa nne hawezi kuwa ndiye aliyeuandika, na Jonan alikuwa amekwisha kusema hajui. Ilibaki kumwomba asome, bila kumwomba.

Alimweleza Edwin kwa sauti ya chini. Edwin alisikiliza, akatabasamu, kisha akakumbuka kwamba ni mtu mzima na akaacha.

Saa kumi kasoro dakika kumi, Aboth alikwenda ofisi ya msimamizi akiwa na uso wa msiba.

"Bwana Jonan, nina aibu. Pikapu ya polisi haina mafuta. Na mtuhumiwa lazima afike Tororo leo."

Hakuna mtu katika wilaya nzima ambaye angeitilia shaka habari hiyo. Jonan alikwisha kusimama, funguo mkononi.

"Afande, gari langu liko hapo. Haki haiwezi kungoja mafuta."

Boriti ya geti ilikuwa juu. Jonan alilileta gari lake jeupe polepole, akikwepa vumbi, na inspekta alimwelekeza kwa mikono kama askari wa barabarani: mbele, mbele kidogo, hapo hapo, zima. Gari lilisimama katikati ya geti, na boriti ya chuma, ndefu na nzito, ilining'inia juu ya paa lake.

"Njoo usaini fomu ya makabidhiano. Funguo niachie hapa mezani, dereva wangu anakuja."

Chumba cha mizani kilikuwa kidogo kwa watu watano. Okia alisimama mlangoni, Kevina alikaa kwenye kona. Jonan aliinama mezani juu ya fomu, mkabala na kioo cha kompyuta, ambako Edwin alikuwa amekuza herufi mpaka zikawa kama za kadi ya kupimia macho. Mstari wa nne ulionekana hata kwa mtu asiyetaka kuuona.

sd_bus_open_user(&basi);

"Kabla hatujaondoka," Aboth alisema, "injinia atatuma amri moja, tuithibitishe mashine kwa ajili ya faili. Amri ya kushusha boriti. Tayari, injinia?"

"Tayari."

Okia alishtuka. "Afande, gari ya bosi iko chini."

"Nimeiona."

"Hiyo chuma itavunja paa, afande. Mwaka jana ilivunja lori."

"Bosi, gari lako," Kevina alisema, amekwisha kunyanyuka nusu.

Jonan alitupa jicho kwenye kioo, mara moja tu, kisha akarudi kwenye fomu yake. "Mwacheni injinia afanye kazi," alisema kwa upole, na akaanza kuandika jina lake.

Edwin alibonyeza. Kevina alifunika uso kwa viganja. Okia alifumba macho, jambo alilolizoea.

Boriti haikutikisika. Kwenye kioo ulitokea mstari mwekundu kwamba hakuna mwenye jina hilo. Okia alifumbua jicho moja, akapumua, akaegemea mlango. Kevina alirudi kukaa. Wote wawili sasa waliamini kwamba mashine ya injinia haina meno.

Aboth aligonga meza mara mbili kwa penseli.

Edwin alirudi mstari wa nne, akafuta neno moja, akaandika jingine.

sd_bus_open_system(&basi);

Kalamu ya Jonan ilisimama katikati ya jina. Edwin aliinua kidole na kukiacha kinaning'inia juu ya kibodi.

"Tayari tena, injinia?"

"Tayari."

Msimamizi wa yadi alitoka mlangoni kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona katika kazi yake yote, akampitia Okia, akafika kwenye gari, akavuta kitasa. Kisha akapapasa mifuko yake, mmoja baada ya mwingine. Funguo zilikuwa mezani. Alianza kulisukuma kwa bega, shati lake likiacha alama kwenye rangi nyeupe iliyooshwa, na lilipokataa kusogea kwa sababu aliliacha kwenye gia, alisimama.

Hapo ndipo alipogeuka na kuona kwamba ndani ya chumba hakuna mwingine aliyekimbia.

Edwin aliondoa kidole kwenye kibodi. Hakuwa amebonyeza chochote.

"Okia," Aboth aliita, bila kupaza sauti, "mara ya pili umeona nini kwenye kioo?"

"Maneno, afande. Kama yale ya kwanza."

"Kevina?"

"Nimeona amebadilisha neno moja. Sijui lina kazi gani."

"Bwana Jonan anajua." Aboth alichukua funguo, akatoka nazo mpaka getini, akasimama mbele ya gari. "Mara ya kwanza kila mtu aliliogopea gari lako isipokuwa wewe. Mara ya pili ni wewe peke yako. Kwa mtu aliyelala siku tatu, umeamka vizuri."

Jonan aliitazama boriti juu ya kichwa chake.

"Trela liko wapi?"

"Tororo," alisema, akiliambia gurudumu la mbele. "Ghala la nyuma ya reli."

Aboth alirudi mezani. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na jina la Kevina juu na nusu ya sahihi ya Jonan chini. Alilifuta la juu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jingine mahali pake, akamkabidhi Kevina ile orodha ya mahudhurio.

"Hii sikuihitaji," alisema. "Sijui hata niliiweka wapi."

Kevina aliikunja mara nne, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Afande," Okia aliuliza kutoka getini, "sasa naweza kushusha boriti?"

"Ngoja tupite kwanza," Aboth alisema na kumrushia dereva wake funguo. "Tunakwenda na gari hili hili. Kuhusu mafuta sikusema uongo."